Barua za Benki na Hesabu ya Siku: Notisi za Mkopo wa Rehani nchini Kenya

Mkopaji aliyeweka ardhi yake rehani na kushindwa kulipa awamu za mkopo hupokea barua kadhaa kutoka kwa benki, ambazo hufanana kwa nembo na kwa ukali wa lugha lakini hutofautiana mno kwa nguvu za kisheria. Barua za mwanzo, zinazomkumbusha malimbikizo, yaani jumla ya awamu ambazo tarehe zake zimepita bila kulipwa, ni madai ya kawaida baina ya mdai na mdaiwa, na haziipi benki haki ya kuuza chochote, hata zikitaja mnada katika kila aya. Barua yenye uzito ni notisi inayotolewa chini ya kifungu cha 90 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ambayo benki hairuhusiwi kuitoa mpaka mkopaji awe amekaa na deni mwezi mmoja baada ya kukosa kulipa.

Notisi hiyo sharti ieleze ni wajibu gani uliokiukwa na kwa kiwango gani, kiasi kinachotakiwa kulipwa, muda wa kukilipa usiopungua miezi 3, hatua ambazo benki inaweza kuchukua muda huo ukipita, na haki ya mkopaji ya kuomba nafuu mahakamani. Mahakama za Kenya zimewahi kusimamisha minada kwa sababu ya notisi zenye kasoro, jambo linalowafanya wakopaji wengi waitegemee kasoro kuliko inavyostahili, kwa kuwa notisi iliyobatilishwa haifuti deni: benki huandika nyingine, na riba huendelea kupanda wakati kesi ikisikizwa.

Kinachohitaji kusomwa polepole zaidi ni hesabu yenyewe. Tuseme barua inataja malimbikizo ya shilingi 180,000 na salio la shilingi 2,400,000. Tarakimu ya kwanza ndiyo inayoonyesha mkopaji amebaki nyuma kwa kiasi gani, ilhali ya pili ni mkopo wote uliobaki, na barua isiyobainisha ni ipi inayodaiwa inastahili kujibiwa kwa maandishi, pamoja na ombi la taarifa kamili ya akaunti inayoonyesha riba, faini na gharama kila moja peke yake. Taarifa hiyo ina faida nyingine, kwani kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki huwekea riba mpaka: tangu mkopo unapohesabiwa kuwa haulipiki ipasavyo, riba ambayo benki inaweza kudai haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwapo siku hiyo, ingawa gharama za kulifuatia deni huongezwa juu yake.

Miezi 3 ikipita bila malipo, benki inayotaka kuuza hutoa notisi ya pili, ya siku zisizopungua 40, chini ya kifungu cha 96 cha Sheria ya Ardhi, na nakala zake huenda kwa mdhamini, kwa mwenye ardhi mwenza na kwa mwenzi wa ndoa aliyeridhia rehani, na pia hubandikwa mahali panapoonekana kwenye ardhi yenyewe au karibu nayo. Baadaye hufuata notisi ya dalali, ya siku zisizopungua 45, na mkopaji bado anaweza kuikomboa mali yake kabla notisi hiyo haijaisha, na mnada haufanywi kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Malipo ya sehemu hayasimamishi hesabu hii yenyewe kwa yenyewe, hivyo makubaliano yoyote na afisa wa mikopo, ambayo aghalabu hufanywa kwa simu, yanafaa kuthibitishwa kwa barua yenye tarehe na sahihi.

Kabla ya kuuza, benki hulazimika kumtumia mthamini akadirie thamani ya mali ikiuzwa kwa lazima, na mali ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria hudhania kwamba benki haikutimiza wajibu wake wa kutafuta bei bora, mpaka benki yenyewe ithibitishe vingine.