Sura ya 21 ya Dracula: Dirisha Lililofunguliwa kwa Ndani

Wengi waliosikia habari za Dracula hukumbuka ngome ya Transylvania, popo na meno marefu. Lakini moyo wa riwaya hii, iliyoandikwa na Bram Stoker, Mprotestanti wa Dublin, na kutolewa mwaka 1897, uko mbali na ngome hiyo. Kati ya sura zake 27, ninamshauri msomaji akae na ile ya 21.

Inaanza na mtu anayekufa. Renfield, mgonjwa wa akili anayekula nzi na buibui, ameokotwa chumbani mwake hospitalini akiwa amevunjika mgongo. Anaungama kilichotokea. Mnyonya damu hawezi kuingia nyumba yoyote mpaka kwanza aalikwe na mtu wa ndani. Kwa hiyo Dracula alisimama nje ya dirisha, akamwonyesha Renfield maelfu ya panya, akamwahidi uhai huo wote iwapo angemsujudia. Anayeijua Injili ataitambua mara moja: ni jaribu la Mathayo 4:8-9, ila badala ya milki zote za ulimwengu, ni panya! Shetani humpimia kila mtu kwa kipimo cha tamaa yake. Renfield akafungua, akamkaribisha kama Bwana.

Hata hivyo, tusimhukumu haraka. Katika Sura ya 18 aliwasihi wakubwa wamwondoe hospitalini usiku uleule, nao, daktari na profesa wakiwemo, wakamwona kichaa tu. Katika sura hiyohiyo walikuwa wamekubaliana kumweka Mina kando ya mipango yao, eti kumlinda, ingawa ndiye aliyewapangia na kuwapigia chapa kumbukumbu zao zote. Akabaki chumbani, gizani kuhusu hatari iliyomzunguka. Naona hapo ndipo Dracula alipopata nafasi hasa. Na aliyejaribu kumzuia kwa mikono mitupu, alipomwona Mina amepauka, ni yule kichaa. Ndicho kilichomwua.

Kisha wanaume wanavunja mlango wa chumba cha Mina. Mumewe amelala kama aliyepigwa butwaa. Dracula amejichana kifuani na anamlazimisha Mina kunywa damu yake, akiwa amemshika kwa nguvu shingoni. Baadaye Mina anasimulia maneno aliyoambiwa: yanageuza vibaya maneno ya Adamu kwa Eva (Mwa 2:23). Msomaji Mkatoliki ataona zaidi ya hapo. Kristo hutoa Damu yake mwenyewe, kwa hiari, ili anayeipokea awe na uzima (Yn 6:54). Huyu anatoa damu aliyoiba, kwa nguvu, ili anayeinywa awe mtumwa wake. Ni Ekaristi iliyopinduliwa.

Kinachomrudisha nyuma Dracula ni Hostia aliyoishika Profesa Van Helsing pamoja na misalaba. Hapa waseminari watatabasamu: katika Sura ya 16 profesa anadai ana “rehema” inayomruhusu kuitumia Hostia hivyo. Rehema ni ondoleo la adhabu ya muda kwa dhambi zilizokwisha kusamehewa. Haimpi mtu kibali cha kuzibia kaburi kwa Hostia. Katika mtihani wa Sakramenti Stoker angeanguka.

Pamoja na kosa hilo, Sura ya 21 inageuza mwelekeo wa riwaya yote. Kabla yake wanaume wanawinda mnyama. Baada yake wanapigania roho ya rafiki yao. Hostia inapomgusa Mina kwenye paji la uso katika Sura ya 22, inamwunguza, naye anajililia kuwa najisi kama mkoma wa Walawi 13:45, ingawa hakutenda dhambi yoyote. Sasa hawathubutu kumficha kitu tena, mpaka pale wanapotambua kwamba Dracula anaweza kusoma mawazo yake. Lakini kifungo hichohicho cha damu ndicho kinachomwezesha Mina, akilazwa usingizi na Van Helsing, kuwaambia adui anasafiri wapi. Naye anawaomba wamhurumie hata Dracula.

Alama ile inatoweka tarehe 6 Novemba, jua likizama. Anayewaonyesha wenzake ni Quincey Morris, akiwa anakata roho.