Danzi la Pemba: chungu mdomoni, tamu kwenye mkate

KUNA tunda moja pale Pemba linaonewa. Si embe, si doriani, wala si shokishoki. Hayo yana wenyewe, yakifika sokoni hayalali. Linaloonewa ni danzi. Umbo lake la chungwa, harufu yake ya chungwa, lakini ukilimenya ukatia kipande mdomoni, mwenzangu, uso wote unajikunja kama karatasi! Watu wanalikamulia samaki, wengine wanalitia kwenye achari, basi. Likiiva likaanguka, linaozea pale pale chini ya mti, na watoto wanalipiga teke kama mpira.

Sasa sikia kioja. Tunda hilo hilo, Waingereza wanalisubiri kwa hamu kila Januari litoke Hispania. Likifika, sukari inapimwa, sufuria zinatoka kabatini, na nyumba nzima inanukia. Wanapika jamu yenye vipande vya maganda ndani, wanaiita mamaledi, na kwa wengine chai ya asubuhi haipiti bila hiyo.

Ndiyo ile chupa unayoiona kwenye supamaketi za mjini, ukitazama bei yake mara mbili unairudisha taratibu kwenye rafu huku ukijifanya ulikuwa unasoma maandishi tu. Ndani ya chupa ile vya maana ni vitatu: danzi, sukari na maji. Maji unayo. Sukari duka la Mangi lipo. Na danzi, ndugu yangu, lipo Pemba.

Wareno walikuja, wakala, wakaondoka

Tuanze na jina. Mamaledi ni neno lililozaliwa Ureno, kwenye tunda linaloitwa marmelo. Hilo si chungwa kabisa. Ni tunda gumu, kali, ambalo Wareno walilipika na sukari mpaka likawa kitu cha kukata kwa kisu. Waingereza walilichukua jina, baadaye wakabadilisha tunda, wakaweka danzi. Kule Dundee, Scotland, familia ya Keiller ikaanzisha biashara ya mamaledi mwaka 1797, na mji ukapata jina duniani kwa sababu ya chupa ya jamu. Kuna hekaya ya meli ya Hispania iliyokimbilia bandarini na shehena ya madanzi, lakini hiyo tuiache kwa wapiga soga.

Kwetu Uswahilini matunda ya jamii hii ni ya zamani. Vasco da Gama alipofika Mombasa Aprili 1498, shajara ya msafara wake inasema mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ingawa tunajua mgeni huyo alimponya nani!

Na kati ya ndugu hawa wawili, danzi ndiye kaka mkubwa wa safari. Waarabu walilitoa Asia wakalieneza mpaka Hispania, karne nyingi kabla chungwa tamu halijafika huko. Kwa hiyo yale madanzi ya Sevilla yanayosifiwa leo na haya ya Pemba ni jamaa wa ukoo mmoja. Tofauti ni kwamba yale yamepata kazi, haya bado yako kijiweni.

Pemba wanacheza mchezo wa ng'ombe mpaka leo, na wengi husema uliachwa na Wareno. Ng'ombe walimwacha, sufuria ya jamu wakaondoka nayo.

Usidanganywe na rangi

Kijana wa mjini akienda sokoni Chake Chake au Wete, kosa lake la kwanza ni kutafuta chungwa la rangi ya chungwa. Bwana weee, hulipati! Ganda hugeuka rangi pale usiku unapokuwa na baridi ya kutosha kuondoa ukijani wake. Pemba baridi hiyo itoke wapi? Kwa hiyo chungwa la visiwani linaweza kuwa limeiva, limejaa maji tele, na ganda lake bado kijani au njano iliyochanganyika na kijani.

Maana yake kwa mpishi ni moja: jamu yako haitakuwa na ule wekundu wa moto wa chupa ya dukani. Itakuwa ya rangi ya asali, au kahawia ya chai ya rangi. Usihuzunike. Rangi haina ladha.

Tatizo la pili ni majina. Muuzaji akikwambia "chungwa kali" anaweza kuwa anakupa chungwa tamu lililochumwa changa. Hilo si danzi, ni chungwa lililoharakishwa. Danzi la kweli lina vitambulisho vyake:

Ganda ni nene, lina vinundu-vinundu, na ukilikwaruza kwa ukucha harufu inapanda mpaka puani.

Ukilikata likiwa limeiva vizuri, katikati mara nyingi kuna uwazi, na kokwa ni nyingi kweli kweli.

Ukipewa pamoja na jani lake, tazama kikonyo. Jani la mdanzi lina kijibawa kipana kwenye kikonyo, kama jani dogo lililobandikwa chini ya jani kubwa. La mchungwa mtamu kijibawa chake ni chembamba.

Mwisho, onja. Ukali peke yake hautoshi, hata ndimu ni kali. Danzi lina ukali na uchungu kwa pamoja. Ukikunja uso mara mbili, umefika.

Uchungu huo ndio siri yenyewe. Ukipika chungwa tamu na sukari, unapata utamu juu ya utamu, koo linachoka. Danzi linabishana na sukari, na ubishi huo ndio ladha. Tena kokwa na ile nyama nyeupe ya ganda zimejaa pektini, kitu kinachoifanya jamu igande bila kutiwa unga wowote wa dukani. Mtu anayetupa kokwa amemwaga gundi yake mwenyewe.

Twende jikoni

Chukua nusu kilo ya madanzi, manne hivi kwa kawaida. Sukari kilo 1. Maji lita 1 na robo. Ndimu 2. Kitambaa safi chepesi cha kufungia kokwa. Sufuria kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu sukari ikichemka inapanda kama hasira za mama mwenye nyumba.

Osha madanzi kwa maji ya vuguvugu, sugua vizuri. Kata nusu kwa nusu, kamua maji yake na ya ndimu ndani ya sufuria. Kokwa zote na nyuzi nyuzi za ndani tia kwenye kitambaa, funga kama fungu la bizari. Maganda ya danzi yakate vipande vyembamba. Anayependa jamu ya kutafuna akate vinene. Tia maganda, kile kifungu na maji yote kwenye sufuria, funika, lala. Ndiyo, lala! Maganda yakilowekwa usiku kucha yanalainika mapema na pektini inaanza kutoka.

Asubuhi weka motoni, moto mdogo, saa moja na nusu mpaka mbili. Hapa ndipo wenye haraka wanapoumbuka. Usitie sukari mpaka ganda liwe laini kiasi cha kupondeka ukilibana kwa vidole viwili. Sukari ikiingia mapema, ganda linakaza, na baada ya hapo hata ulichemshe mpaka Idi halilainiki tena.

Likishalainika, toa kifungu cha kokwa, kiache kipoe kidogo, kisha kikamue kwa nguvu juu ya sufuria. Utaona ute mzito unatoka. Usiudharau, huo ndio pektini yenyewe. Sasa mimina sukari, koroga kwa mwiko juu ya moto mdogo mpaka chembe zote ziyeyuke. Hapo ndipo unapochochea mkaa. Moto mkali, jamu itokote kwa dakika 15, 20, pengine zaidi. Watoto wakae mbali. Tone la sukari iliyochemka linaunguza kuliko maji.

Utajuaje imeiva? Wenye kipimajoto huangalia nyuzi 104 au 105 za Selsiasi. Wewe na mimi tuna kisahani. Kiweke mapema juu ya maji baridi ya mtungi au kwenye friji. Dondoshea tone la jamu, subiri lipoe, lisukume kwa kidole. Likikunjana juu kama ngozi ya maziwa, epua. Likikimbia kama maji, rudisha motoni dakika 5, jaribu tena. Kila unapojaribu, epua sufuria kwanza, maana jamu iliyopitiliza inakuwa gundi ya fundi seremala.

Ukishaepua, iache itulie dakika 10 hadi 15 ili maganda yasielee yote juu. Kisha jaza, ingali ya moto, kwenye chupa zilizochemshwa na kukaushwa. Funga kifuniko hapo hapo. Utapata chupa tatu za kawaida na kijibakuli cha mpishi. Hicho usigawe.

Karafuu je?

Haiwezekani upike kitu Pemba bila karafuu kuuliza mbona imeachwa! Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kiangushe mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo imebeba zao hilo. Tia karafuu tatu au nne ndani ya kile kifungu cha kokwa, zitatoka pamoja nacho. Ukizidisha, jamu itanukia dawa ya meno. Kijiti cha mdalasini nacho kinakubalika. Iliki, kidogo sana.

Ukikosa danzi

Uko Dar, Tanga au Zanzibar mjini na danzi halionekani? Usikate tamaa. Chukua machungwa matamu mawili yenye ganda nene, balungi moja, na malimau mawili. Balungi linaleta uchungu na pektini, limau linaleta ukali. Si danzi, lakini ni binamu yake. Wa Tanga wana bahati, Muheza iko mlangoni na machungwa yake yanajulikana nchi nzima.

Chenza liache liliwe. Ganda lake laini linavurugika, na jamu yake mara nyingi inabaki majimaji.

Angalizo la afya: zaidi ya nusu ya chupa ile ni sukari, kwa hiyo mwenye kisukari aionje kwa macho. Na kama daktari amekukataza balungi kwa sababu ya dawa unazotumia, muulize na kuhusu danzi, maana hayo mawili yana tabia moja.

Kumbe ni pesa

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Msimu mkubwa wa machungwa ukipamba moto baada ya masika, mapakacha yanajaa sokoni na bei inaanguka. Tunda halisubiri. Leo limeiva, keshokutwa ni la inzi. Mkulima anauza kwa bei ya kutupa au anatupa kweli. Karafuu angalau ina mnunuzi wake wa miaka mingi, shirika la ZSTC, na hata makonyo yake hukamuliwa mafuta kwenye kiwanda pale Wawi, Chake Chake. Danzi limekaa kama binti asiye na mposaji. Na mti usio na faida, mwenye shamba akihitaji nafasi, panga halichelewi.

Jamu inampa mkulima kitu kimoja ambacho pakacha haliwezi kumpa: muda. Sukari nyingi na ukali wa danzi huzuia kuoza, na chupa ambayo haijafunguliwa hukaa miezi mingi kabatini bila friji. Umeme wa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba mwaka 2010, lakini jamu hii haijali umeme upo au umekatika. Ikishafunguliwa, iweke pa baridi na uchote kwa kijiko kikavu.

Vijana mnaolia ajira, hapa kuna kazi ya sufuria moja. Wageni wanaokwenda kuzamia na kuogelea Pemba wanakula mkate na jamu kila asubuhi. Kwa nini jamu hiyo ipande meli kutoka nje, ipite mbele ya mdanzi uliojaa, ndipo ifike mezani? Anayetaka kuuza asikurupuke: apime vitu vile vile kila siku, achemshe chupa, aandike tarehe, kisha aende Taasisi ya Viwango Zanzibar akaulize masharti. Walio Bara wana SIDO, iliyoanza mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi.

Wasiotaka biashara, pikeni ya nyumbani. Paka kwenye boflo la moto, chapati ya maji au mkate wa mofa, teremsha na chai ya tangawizi. Mkwe akija akauliza umenunua duka gani, mwambie duka lenyewe liko juu ya mti.

Na ukipita shambani ukamwona mwenyeji ameshika panga, anautazama mdanzi wake kwa jicho baya, mwambie asubiri kidogo. Mwombee pakacha moja tu, la kuanzia.