Misalaba ya Mawe ya Dartmoor

Jiwe lililochongwa na kusimamishwa kando ya njia huwa na ushahidi wa aina mbili. Ushahidi wa kwanza umo ndani ya jiwe lenyewe: aina yake, umbo lake na maandishi yaliyo juu yake. Ushahidi wa pili umo katika mahali liliposimamishwa. Ule wa kwanza waweza kupelekwa katika nyumba ya makumbusho na kubaki salama; ule wa pili hupotea siku ile ile jiwe linapong'olewa. Jambo hili hudhihirika vyema katika misalaba ya kale ya Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza.

Dartmoor ni nyanda ya juu katika jimbo la Devon, na kilele chake kirefu kinafika meta 621 juu ya usawa wa bahari. Miti ni michache, vinamasi ni vingi, na ukungu huweza kushuka ghafla hata msafiri asiweze kuiona njia. Katika Zama za Kati nyanda hiyo ilikuwa imepakana na nyumba kubwa za watawa: Buckfast upande wa kusini-mashariki, Tavistock na Buckland upande wa magharibi. Watawa, wachungaji na wafanya biashara walipaswa kuivuka. Ndipo misalaba ya mawe iliposimamishwa kando ya njia, ili imwongoze msafiri, ionyeshe mipaka ya ardhi, na imkumbushe mpitaji kusali. Aghalabu msalaba mmoja ulifanya kazi zaidi ya moja kati ya hizo.

Jiwe na fundi

Misalaba hiyo imechongwa kwa matale, yaani graniti, mwamba wa jamii ile ile ya majabali yaonekanayo Mwanza. Mwamba huo hufanyika pale mawe yaliyoyeyuka yanapopoa polepole chini ya ardhi, na ndani yake mna chembe kubwa za kwatsi, feldispa na ulanga. Kwa kuwa chembe hizo ni kubwa na ngumu, nakshi nyembamba hazichongeki kwa urahisi. Hii ndiyo sababu misalaba mingi ya Dartmoor ina mikono mifupi na minene, isiyo na mapambo mengi. Mafundi wa zama hizo hawakuchimba mwamba, bali walichagua jabali lililolala juu ya ardhi, wakalipasua na kulichonga. Mara nyingi msalaba ulichomekwa katika tundu lililotobolewa kwenye jiwe jingine la chini, yaani kitako.

Ushahidi wa mahali

Mfano ulio bora ni Msalaba wa Siward, wenye urefu wa zaidi ya meta mbili. Mnamo mwaka 1240, katika utawala wa Mfalme Henry III, makabaila 12 walipewa kazi ya kuuzunguka na kuuthibitisha mpaka wa Msitu wa Dartmoor. Neno "msitu" hapo lilimaanisha eneo la uwindaji la mfalme, si lazima mahali penye miti. Katika taarifa yao waliutaja msalaba huo kuwa ni alama ya mpaka. Hivyo mtafiti wa leo aweza kulishika andiko la karne ya 13 mkononi, akaenda hadi kwenye jiwe lililotajwa, na kuufuata mpaka wenyewe ardhini. Lau msalaba huo ungalihamishwa, andiko lingalibaki ila lisingeweza kupimwa.

Maadui wa msalaba

Hali ya hewa hudhuru matale, lakini kwa kasi ndogo sana. Maji ya mvua huigeuza feldispa kuwa udongo mweupe wa kaolini. Maji yanayoingia katika nyufa huganda wakati wa baridi na kuzipanua. Ng'ombe na farasi nao hujisugua kwenye msalaba na kuukanyaga udongo wa chini yake, hata jiwe likaanza kuinama.

Binadamu amefanya madhara makubwa zaidi. Mageuzi ya dini ya karne ya 16 yaliifanya misalaba ionekane kuwa ni alama za imani iliyokataliwa, na mingi ikavunjwa. Baadaye wakulima waliitumia mingine kuwa nguzo za malango. Mnamo mwaka 1812 mawe ya mnara uitwao Kaburi la Childe yalichukuliwa kujengea nyumba ya shamba. Msalaba unaoonekana hapo leo ni kazi ya karne ya 19. Msalaba wa Siward wenyewe uliangushwa na kuvunjika mwaka 1846, ukaungwa kwa vyuma mwaka 1848. Hata kuunga huku kuna hatari yake, kwa maana chuma cha kawaida kikishika kutu hutanuka na kulipasua jiwe. Kwa hiyo mafundi wa siku hizi hupendelea chuma kisichoshika kutu.

Namna ya kuhifadhi

Sheria ya kwanza ya Uingereza ya kulinda mabaki ya kale, ya mwaka 1882, ilihusu hasa makaburi na mawe ya kabla ya historia. Chini ya sheria ya mwaka 1979, mnara ulioandikwa katika orodha ya taifa hauwezi kuhamishwa wala kutengenezwa bila kibali cha serikali, na misalaba mingi ya Dartmoor imo katika orodha hiyo. Wizi wa mawe kwa ajili ya mapambo ya bustani ulipozidi, wasimamizi wa hifadhi hiyo walianza, katika miaka ya 2000, kuficha vidude vidogo vya elektroniki ndani ya mawe, ili jiwe lililoibwa liweze kutambuliwa.

Hata hivyo, hapana sheria wala chombo kinachoweza kurudisha mahali pasipoandikwa. Mwandishi William Crossing, aliyechapisha kitabu juu ya misalaba hiyo mwaka 1887, aliizungukia kwa miguu na kuandika habari zake. Kumbukumbu za namna hiyo zina faida kubwa: kitako kilichobaki peke yake chaweza kulinganishwa na msalaba uliookotwa mbali, na njia ya kale ikajulikana. Kwa sababu hiyo, auonaye msalaba ulioanguka nyikani hana budi kuuacha papo hapo, kupima umbali wake kutoka kitako, kuandika upande ulikoangukia, na kuwaarifu wahusika kabla mtu yeyote hajauinua.