Hakuna Chupa ya Kufungua Akili

"Mwalimu, dawa ya kufungua akili inapatikana wapi?" Nimeulizwa hivyo sokoni Keringet, kwenye kituo cha kupimia majani chai, hata nje ya kanisa. Anayeuliza huwa na kijana mwenye ulemavu wa akili, wa miaka 16 au 18, anayeshinda nyumbani. Haipatikani popote, kwa sababu haipo.

Wauzaji hudai wanayo, katika sura nyingi: maji ya mizizi, mafuta ya samaki, unga wa kukoroga kwenye uji. Wengine hukata kamba ya ulimi, kana kwamba ulemavu wa akili umejificha chini ya ulimi. Chukua kijana mwenye sindromu ya Down. Tangu 1959, Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walipoonyesha kwamba watu hao wana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, tunajua hali hiyo iko ndani ya seli zenyewe, tangu tumboni. Mizizi gani itaitoa huko? Na aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliyepandwa na malaria kichwani, chembe za ubongo zilizokufa hazifufuki kwa uji.

"Lakini wa jirani alipona!" Wa jirani alikua. Kijana mwenye ulemavu wa akili hujifunza, ila polepole. Mnyweshe chupa miezi sita, na ndani ya miezi hiyo atakuwa amejua jambo jipya, kisha muuzaji ajitwalie sifa. Kinachoniuma zaidi ni mzazi anayesimamisha vidonge vya kifafa ili "visigongane" na mizizi. Kifafa kina dawa, na iko hospitali. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, nalo huua.

Swali la kuuliza ni hili: atafanya kazi gani, na nimfundisheje? Hapa kwetu kuna ng'ombe. Kata kazi ya kukamua vipande vidogo: kunawa, kuosha kiwele kwa maji vuguvugu, kukausha, kutoa matone ya kwanza pembeni, kukamua, kuchuja. Anza kumfundisha kipande cha mwisho. Wewe fanya yote, yeye achuje maziwa mtungini. Akikimudu, rudi nyuma kipande kimoja. Kila siku atakuwa ameimaliza kazi, na hilo humtia hamu kuliko kuanza jambo na kunyang'anywa katikati. Chora hatua hizo ukutani mwa zizi. Kwenye viazi, mpe pete ya waya: kinachopita kinawekwa kando kwa mbegu, kisichopita kinaenda guniani. Hahitaji kukisia ukubwa.

Mengine haraka. Mpeleke kituo cha tathmini cha elimu. Vituo hivyo vilianza Kenya mwaka 1984. Uliza shule yenye kitengo maalumu, maana mtaala wa sasa una ngazi ya maandalizi ya ufundi na ya ufundi wenyewe. Msajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mfundishe nauli, chenji, kuficha namba ya siri ya M-Pesa, na kukataa kushikwashikwa, awe msichana au mvulana. Siku ya tathmini beba kadi ya kliniki na dawa anazotumia, tena uje naye mwenyewe. Wazazi watatu kati ya wanne wanaonijia huwa wamemwacha nyumbani.