Mbuzi kizimbani, mbwa na bakuli: Wasanii na wanyama wao katika riwaya za Ufaransa

KUANZIA Desemba 2028, sarakasi zinazozunguka mijini na vijijini nchini Ufaransa hazitaruhusiwa tena kufuga wala kuonyesha wanyamapori. Sheria ya kupambana na ukatili dhidi ya wanyama ilipitishwa Novemba 2021, na wenye sarakasi wakapewa miaka saba ya kujipanga. Simba, simbamarara na tembo waliozoea kuzungushwa ulingoni huku watu wakipiga makofi watapumzika.

Mnyama amepata mtetezi. Je, yule maskini aliyekuwa akila kwa kazi ya mnyama huyo, naye ana mtetezi?

Swali hilo si geni Ufaransa. Waandishi wa riwaya wa nchi hiyo wamelizungumza kwa karibu miaka 200. Kwa wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosoma kwa Kifaransa, baadhi ya vitabu hivyo ni vya kukumbushana tu. Kwa wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda, ambako vitabu vya shule vilifuata njia ya Uingereza, huenda ni vipya. Lakini kisa chenyewe kinaeleweka kokote ambako mtu hucheza barabarani, kisha akapitisha bakuli.

Mbuzi aliyeshtakiwa

Mwaka 1831 Victor Hugo alitoa riwaya ya Notre-Dame de Paris, inayosimulia mambo ya mwaka 1482. Ndani yake yumo Esmeralda, msichana anayecheza ngoma kwenye viwanja vya Paris akiwa na tari mkononi. Mwenzake wa kazi ni Djali, mbuzi mweupe mwenye pembe na kwato zilizopakwa rangi ya dhahabu. Esmeralda humnyooshea tari na kumuuliza saa, naye Djali hugonga kwa kwato idadi inayotakiwa. Watu hucheka na kutupa sarafu.

Djali amefundishwa mchezo mwingine pia. Akiwekewa herufi za mbao, huzipanga mpaka zikatoa jina la Phoebus, kapteni ambaye Esmeralda anampenda.

Kapteni huyo anapochomwa kisu na mtu mwingine, anayekamatwa ni Esmeralda. Mbuzi naye anapandishwa kizimbani kama mshtakiwa wa pili. Mahakamani anaulizwa saa kwa tari ileile, naye anajibu kwa kugonga vilevile. Mchezo ambao jana ulishangiliwa uwanjani leo umekuwa ushahidi wa uchawi. Esmeralda anateswa mguu mpaka anakiri kosa asilolitenda.

Kesi ya mnyama haikuwa ndoto ya Hugo tu. Katika Ufaransa ya zamani wanyama walifikishwa kweli mbele ya hakimu. Mwaka 1386, katika mji wa Falaise, nguruwe jike alihukumiwa na kunyongwa kwa kumuua mtoto.

Mwisho wa Esmeralda ni kamba. Djali anapona, kwa kuwa mshairi Gringoire, ambaye msichana huyo aliwahi kumwokoa na kitanzi kwa kukubali kuolewa naye, anatoroka na mbuzi na kumwacha mwenye mbuzi.

Mtu Dubu, mnyama Mtu

Hugo alirudi kwenye jambo hilo mwaka 1869 katika L'Homme qui rit, riwaya inayotokea Uingereza. Safari hii msanii ni mzee Ursus, anayezunguka na gari lake akiuza dawa za miti na kuonyesha michezo. Rafiki yake ni mbwamwitu aliyefugwa, aitwaye Homo. Kwa Kilatini, Ursus maana yake ni dubu na Homo maana yake ni mtu. Hugo amempa binadamu jina la mnyama, na mnyama jina la binadamu.

Gari hilo linapowapokea mtoto aliyechanwa uso makusudi ili achekeshe watu, na kitoto kipofu kilichookotwa kwenye theluji, linakuwa nyumba. Wote hao wanakula kwa maonyesho. Maonyesho yanapopata watu wengi London, wakubwa wanaingilia kati, na Ursus anaamriwa aondoke nchini pamoja na mbwamwitu wake. Hapa tena, mkono unaomfukuza mnyama ndio unaomfukuza msanii.

Familia ya kukodi

Hata hivyo, aliyelieleza jambo hili kwa undani zaidi si Hugo bali Hector Malot, katika Sans famille, riwaya ya mwaka 1878 ambayo vizazi vya watoto wa Ufaransa vimeililia.

Rémi ni mtoto wa kuokotwa, mwenye umri wa miaka minane. Mume wa mama aliyemlea, fundi wa ujenzi aliyeumia kazini Paris, anamtoa kwa faranga 40 kwa mzee wa Kiitalia anayepita njia. Mzee huyo ni Vitalis, na kikundi chake kina wasanii wanne: mbwa Capi, Zerbino na Dolce, pamoja na kima mdogo aitwaye Joli-Cœur, anayevaa sare nyekundu ya jenerali wa Kiingereza.

Mchezo wa kwanza anaopangiwa Rémi unaonyesha nia ya Malot. Jenerali Joli-Cœur anataka mtumishi mpya, kwa kuwa Capi amezeeka. Mtumishi anayeletwa ni mvulana wa kijijini, mshamba asiyejua hata kukaa mezani. Kima anaketi kwa adabu na kufunga kitambaa chake, naye binadamu hajui kitambaa ni cha nini. Watazamaji wanacheka. Wengi wao ni wanakijiji kama Rémi.

Vitalis hampigi mnyama. Anamfundisha Rémi kwamba anayetumia fimbo hupata woga, na woga hauzai kazi nzuri. Anamfundisha pia kusoma, kwa herufi za mbao alizozichonga mwenyewe. Capi anahudhuria somo hilo pamoja naye, na mwanzoni mbwa anakumbuka herufi kuliko mtoto.

Capi ndiye mweka hazina. Mchezo ukiisha, hupita na bakuli la mti mdomoni. Asiyetoa kitu huwekewa miguu ya mbele kifuani na kubwekewa, mpaka watu wote wakamtazama.

Kisha inakuja Toulouse. Askari anadai mbwa wafungwe midomo. Vitalis anamjibu kwa heshima ya kejeli, na kima anamwiga askari anavyotembea. Umati unaangua kicheko. Askari anapomlipizia Rémi kwa kumpiga, mzee anamshika mkono. Hukumu ni kifungo cha miezi miwili na faini ya faranga 100. Mtoto wa miaka minane anabaki barabarani na mbwa watatu na kima, bila kitu cha kuwalisha.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Vitalis alichumia juani maisha yake yote, lakini kivuli hakukipata. Baada ya kutoka jela, kikundi kinanaswa na theluji msituni. Rémi anapewa zamu ya kulinda moto, anasinzia, na Zerbino na Dolce waliotoka nje wanaliwa na mbwamwitu. Joli-Cœur anapatwa na homa ya mapafu.

Ili kupata fedha za mganga, Vitalis anakodi ukumbi na kuimba. Sauti yake ni ya ajabu mpaka mwanamke mmoja mwenye uwezo anadondosha sarafu ya dhahabu kwenye bakuli la Capi na kuomba kumwona mwimbaji. Vitalis anamkwepa. Wanaporudi chumbani, kima ameshakufa, akiwa ndani ya sare yake ya jenerali. Alikuwa amelilia kuvishwa ili naye aende kazini.

Siku chache baadaye, usiku wa baridi kali nje kidogo ya Paris, Vitalis anakufa kwenye mlango wa mtunza bustani. Rémi anaokolewa na joto la Capi aliyelala kifuani pake. Ndipo inapojulikana kwamba yule mzee wa barabarani alikuwa Carlo Balzani, mwimbaji aliyewahi kuvuma Italia nzima. Sauti ilipomwishia, alificha jina lake ili asionewe huruma.

Sheria mbili

Malot hakuandika hewani. Sheria ya Ufaransa ya kumwadhibu anayemtesa hadharani mnyama wa kufugwa ilipitishwa Julai 1850. Sheria ya kuwazuia wenye michezo ya kuzunguka kuwatumikisha watoto wa wengine walio chini ya miaka 16 ilikuja Desemba 1874. Punda alimtangulia mtoto wa sarakasi kwa miaka 24.

Ndiyo sababu riwaya inampeleka msomaji kwa Garofoli, tajiri wa Paris anayewatuma watoto wa Kiitalia kupiga muziki mitaani. Asiyeleta kiasi alichopangiwa huchapwa mijeledi, na sufuria ya supu ina kufuli. Mbwa wa Vitalis waliishi vizuri kuliko watoto hao.

Karne ya ishirini ilipoanza, jambo hilo liliandikwa na mtu aliyelipitia jukwaani. Colette alikuwa mwandishi na pia mchezaji wa kumbi za burudani za Paris. Katika La Vagabonde ya mwaka 1910, mhusika wake Renée Néré ameachana na mume mchoraji na anajipatia riziki kwa kucheza usiku. Nyumbani yupo mtumishi, na yupo Fossette, kijibwa chake. Anatokea mwanamume tajiri anayempenda kweli na kumwahidi maisha ya raha. Renée anapima, kisha anakataa. Anaona kwamba kulishwa vizuri na kusubiri mwenyewe arudi ni maisha yanayomfaa Fossette, si yeye.

Riwaya ya Malot haiishii kwenye theluji. Rémi anampata mama yake mzazi, ambaye ni tajiri, na rafiki yake Mattia, aliyetoroka kwa Garofoli, anakuwa mpiga fidla mwenye jina. Miaka imepita, na wote waliowasaidia wamekaa meza moja. Capi, sasa kikongwe asiyesikia vizuri, anabeba kisahani mdomoni. Anazunguka meza kwa mwendo wa taratibu, kutoka mgeni hadi mgeni. Fedha zilizoingia kisahanini zinatangazwa kuwa mchango wa kwanza wa nyumba ya kuwahifadhi watoto wanaopiga muziki mitaani.