Kwa Nini Mtoto Husinzia Darasani?

Januari 2003 Serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi, na madarasa ya Nairobi yakafurika watoto. Lakini karo siyo kizuizi pekee. Huko Kibera na Kawangware mara nyingi jamaa nzima hukaa katika chumba kimoja. Mtoto hana mahali pa kusomea, tena hutumwa kununua maji kwa mtungi kabla ya kufungua kitabu. Baba akikosa kibarua, mtoto huenda shule na njaa. Akisinzia huitwa mvivu. Akiona haya hutoroka. Basi wazazi, kabla ya kushika fimbo ulizeni: Amekula? Amelala? Mpeni saa moja ya utulivu kila jioni, na mwalimu aelezwe shida za nyumbani.