Kinongo kinapoishia

Gari la 117 likitoka Mjini kuelekea Kiwengwa, kwa sehemu kubwa ya safari abiria haoni jipya: minazi, miembe, migomba, miwa ya Mahonda, halafu mabonde ya mpunga ya Kinyasini. Udongo ni mwekundu na umeshiba. Baada ya Kinyasini njia inashika mashariki, na ndani ya kilomita chache miti inafupika, vichaka vinasongamana, na mawe ya kijivu yenye ncha kali yanachomoza kila mahali. Hakuna kibao wala kizuizi hapo. Lakini huo ndio mpaka mkubwa kuliko yote ya Unguja, wa zamani kuliko wilaya, shehia na usultani, na mengi tunayogombania kisiwani, ardhi, mchanga na maji, asili yake iko kwenye mpaka huo.

Wakulima waliuchora kwa jembe zamani. Magharibi na katikati ya kisiwa wana kinongo, udongo mwekundu wa mikarafuu na minazi. Wana kichanga, mwepesi, wa muhogo. Wana kinamo cha mabondeni, kinachoshika maji ya mpunga. Mashariki ni maweni, ambako jembe halina kazi. Mkulima wa huko anatembea na mtaimbo, anatafuta vishimo vya udongo baina ya mawe, na katika kila kishimo anadondosha mbegu za mtama, kunde au mbaazi. Mwaka 1928 mjiolojia G. M. Stockley alipochapisha ripoti yake kuhusu miamba ya Zanzibar, tofauti yenyewe haikuwa siri kwa mkulima yeyote. Alichoongeza ni sababu.

Sababu ni kwamba kisiwa hiki kina wazazi wawili. Tabaka za magharibi ni mchanga, udongo wa mfinyanzi na chokaa za zama za Mayosini, baina ya miaka milioni 23 na milioni 5 iliyopita, ambapo mito ya bara ilikuwa ikimwaga matope yake huku. Ndizo zilizofanya mgongo wa Masingini, ambao pamoja na sifa zake zote haufiki mita 130. Maweni ni kitu kingine kabisa. Ni mwamba wa matumbawe, ndugu wa ule ambao mawimbi yanauvunjikia leo mbele ya Kiwengwa, ila huu wa nchi kavu ulikwishakufa.

Maji yakipwa, nenda kwenye majabali ya pwani ya Kiwengwa ukalitazame jiwe kwa karibu. Utaona mifereji myembamba inayojipinda juu ya bonge la tumbawe. Pembeni yake kuna vitundu vya mfano wa nyota, vingine vidogo kuliko punje ya mtama, na kila kitundu kilikuwa nyumba ya mnyama mmoja. Mara utakuta gamba la chaza limenasa katikati ya jiwe, bado lina mng'ao kwa ndani. Kwangua kidogo kwa kisu, unga wake uutilie siki ya jikoni, utaona unatoa povu: ni kaboni dayoksaidi inayoachiwa na chokaa. Mawe ya Mwanza ukiyafanyia hivyo hayatoi kitu, kwa sababu yale ni matale yaliyotokana na uji wa moto ulioganda chini ya ardhi. Hili la Kiwengwa limejengwa na viumbe hai.

Matumbawe mengi ya nchi kavu katika mwambao wetu yalikuwa hai kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, wakati dunia ilipokuwa na joto la kiasi cha leo au kuzidi kidogo na bahari imesimama mita kadhaa juu ya ilipo sasa. Kisha baridi ikarudi. Maji yakagandia kwenye barafu kubwa za kaskazini na kusini, bahari ikateremka, miamba ikabaki juani. Kufikia miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini ya hapa ilipo kwa mita 120 hivi. Mkondo wa baina ya Unguja na bara, sehemu zake nyingi, haufiki hata nusu ya kina hicho. Kwa hiyo hapakuwa na mkondo. Mtu aliyetaka kwenda Bagamoyo alikwenda kwa miguu.

Hili si jambo la kukisia tu. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alianza kuchimba mwaka 2005, na watafiti wengine wakafuata. Miongoni mwa mifupa iliyofukuliwa humo imo ya punda milia. Punda milia haogelei kuja Unguja. Alikuja akila majani, na watu wakimfuata nyuma, kabla bahari haijapanda tena na kuwafungia ndani kima punju, chui na paa. Pemba habari ni nyingine: mkondo wake una kina cha mamia ya mita, bahari haikupata kushuka kiasi cha kuukausha, na ndiyo maana chui hakufika, na kima punju wachache walioko msitu wa Ngezi walipelekwa na watu miaka ya 1970. Wapemba wanaopenda kusema kwamba wao si Waunguja wana ushahidi wa mamilioni ya miaka.

Kina hicho cha mkondo wa Pemba kinatuteremsha kwenye mambo yaliyo chini zaidi, maana maji peke yake hayachimbi bonde namna ile. Chini ya miguu yetu, ganda la dunia limekatika mabamba, na mabamba hayo yanachukuliwa taratibu na mwamba wenye joto jingi ulio chini yake, mwamba mgumu ambao hata hivyo unasogea kwa sababu una muda wa kutosha. Tangu kiasi cha miaka milioni 165 iliyopita, Madagascar, iliyokuwa imeshikana na mwambao wa Somalia, Kenya na Tanzania, ilibanduka ikawa inateleza kwenda kusini kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Ufa iliouacha ndio ulioingiza bahari huku. Na kazi haijaisha: Bonde la Ufa linaendelea kuitenga Afrika ya mashariki na Afrika nyingine, kwa milimita chache kila mwaka. Zanzibar imepanda bamba la Somalia, na bara la Afrika lote kwa jumla linaelekea kaskazini mashariki kwa sentimita mbili hadi tatu kwa mwaka. Piga hesabu: tangu tumbawe la Kiwengwa lilipokuwa hai, limekwisha kusafiri karibu kilomita 3 bila kutoka mahali pake.

Kwa kawaida safari hiyo hatuisikii. Tuliisikia tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na robo usiku, pale tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilipotokea chini ya bahari kusini mashariki ya Dar es Salaam. Ghorofa za Dar zilitikisika, watu wakatoka nje, na huku Unguja vilevile. Wengi walishangaa, maana matetemeko tumezoea kuyasikia Bukoba, kama lile la Septemba 2016, au karibu na Ol Doinyo Lengai. Lakini ufa hauishii bara. Tawi lake moja limepita baharini mbele ya mwambao wetu, na watafiti wa mafuta wanaulipia fedha nyingi kuuona. Katika miaka ya 1950 kampuni ya BP-Shell ilitoboa ardhi ya Unguja kwa kisima cha zaidi ya mita 4,000. Inaonekana ni mbali, hadi ukumbuke kwamba hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371.

Huko chini hatufiki; tunachoweza ni kuchora ramani. Tunazo nyingi na nzuri. Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliupima mwambao huu kati ya 1822 na 1826, mabaharia wake wakitupa bildi kupata kina, wengi wakifa kwa homa. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi pamoja na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, walianza kurusha droni na kupiga picha Unguja na Pemba, mpaka kila paa na kila mnazi ukaonekana. Kazi ya kujivunia. Ila droni inaona juu, na katika Kiwengwa mambo yenyewe yako chini.

Mpaka huo wa chini umewagawa hata watu, na waliokihama kinongo walisukumwa na mti mmoja. Karne ya 19, karafuu ilipoanza kuleta fedha, mashamba makubwa ya mabwana wa Kiomani yalitandazwa juu ya kinongo, na wenyeji wengi wakabaki na maweni, uvuvi na vishimo vyao vya kunde. Ukiweka ramani ya mikarafuu juu ya ramani ya miamba, zinakaribia kulingana. Sasa upepo umegeuka. Hoteli hazitaki kinongo, zinataka mchanga mweupe na bahari ya kijani, na hivyo viko upande wa maweni, maana mchanga ule mweupe ni matumbawe na magamba yaliyosagwa. Ardhi iliyokataliwa na mkarafuu ndiyo inayokodishwa kwa dola.

Hata ujenzi unaufuata mpaka ule ule. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa ni mawe hayo hayo yaliyopangwa juu ya magogo ya minazi na kuchomwa. Kwenye joto la nyuzi 900 hivi jiwe linatoa kaboni dayoksaidi yake. Likimwagiwa maji linachemka na kupasuka kuwa unga. Ukutani linairudisha ile hewa kidogo kidogo na kuwa jiwe tena. Leo tunajenga kwa saruji na matofali, na saruji inataka mchanga wa upande wa pili, wa Donge na Pangatupu. Tukisikia neno madini akili inakimbilia dhahabu ya Geita na tanzanaiti ya Mererani, na huku mchanga ndio madini ambayo Unguja inayamaliza.

Yanabaki maji, na hapa ndipo ninapodhani Kiwengwa inahitaji ramani kuliko mahali pengine popote kisiwani. Mvua inayonyesha kwenye maweni haifanyi mto. Inapita hewani na kwenye majani yaliyooza, inachukua asidi hafifu, inazama kwenye nyufa na kuila chokaa. Ndivyo yalivyotoboka mapango ya Mchekeni, ndani ya hifadhi ya msitu wa Kiwengwa-Pongwe, yenye mawe yanayoning'inia kutoka juu na mengine yanayoota kutoka chini, tone kwa tone. Maji yakifika chini hukuta maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba, na kwa kuwa ni mepesi kidogo yanakaa juu yake, kama mafuta kwenye mchuzi. Hesabu yake ni kali. Kila sentimita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba sentimita 40 hivi zilizo chini. Pampu ikiishusha ile moja, muda si mrefu chumvi inapanda 40.

Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha uchunguzi wake wa pwani ya mashariki ya Unguja, akakadiria kwamba mgeni mmoja hotelini anatumia wastani wa lita 685 kwa siku. Hoteli za wakati ule zilikuwa chache kuliko sasa. Na nyufa zinazopitisha mvua zinapitisha pia maji ya karo. Kwenye kinongo maji machafu huchujwa na mita nyingi za udongo. Kwenye maweni yanateremka moja kwa moja.

Kipimo cha chumvi ya maji ni kifaa kidogo cha mkononi, hakihitaji droni wala mkopo wa Benki ya Dunia. Wanafunzi wa sekondari wangeweza kupita kwenye visima vya Kiwengwa kila mwezi, mara moja wakati wa bamvua na mara moja wakati wa maji mafu, waandike namba, wazitie kwenye ramani ambayo SUZA wamekwisha kuipiga. Visima vya hoteli viingizwe pia, na namba zake zibandikwe kwa sheha pamoja na nyingine.